Migomba Iliyoziba Mlima

Wapendwa, ninyi mliobaki pale mlangoni, malizeni kupiga picha, kisha mwingie mkae. Mlima hautaondoka. Leo umejitokeza wote, mweupe, bila wingu hata moja, na ninajua kwamba mahubiri yangu hayawezi kushindana nao. Sina wivu. Ila kwa kuwa nusu ya macho ya kanisa hili yako huko nje, acheni nianzie huko huko.

Palikuwa na mama mmoja, mjane, aliyeishi kwenye mteremko wa mlima kama huu wetu. Msiniulize ni wa kijiji gani. Nimemtunga mwenyewe, hana kijiji wala ukoo, na mkimtafuta sana mtamkuta nyumbani kwenu. Nyumba yake ilikuwa katikati ya kihamba, shamba lake la nyumbani, migomba huku, kahawa kule, mfereji wa maji ukipita nyuma ya zizi. Alikuwa na watoto watatu. Kama watoto wengi wa mlimani, walisoma, wakapanda basi, wakaenda mjini, wakawa watu wa Desemba. Ninyi watu wa Desemba mnajijua. Karibuni nyumbani.

Mwaka mmoja mama akaugua, miguu ikamkataa, akawa mtu wa kitandani. Watoto wakapigiana simu, wakakubaliana, wakaja wote mapema kabla ya sikukuu. Kwa hilo nawasifu, maana wapo wanaotuma salamu tu na kilo mbili za sukari. Walimkuta mama amelazwa chumba cha mbele, kitanda kimesogezwa hadi dirishani. Na nje ya dirisha lile, karibu kabisa, palikuwa na mashina matatu ya migomba, makubwa, ya siku nyingi, majani yamesongamana mpaka dirisha zima lilikuwa kijani.

Asubuhi ya kwanza wakaona jambo. Mama aliamka kabla ya kila mtu, akaomba ainuliwe kwenye mito, akageuza uso dirishani, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikicheza, kama mtu anayezungumza na mwenzake, ila sauti haikutoka. Kisha akashusha pumzi na kuomba uji. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na siku iliyofuata hivyo hivyo.

Mtoto mkubwa akawaambia wenzake, "Mnaona? Mama anautafuta mlima."

Wakaafikiana naye mara moja. Nyuma ya ile migomba, kila mtu alijua, ulikuwapo mlima wenyewe. Mama angetafuta nini kingine?

Sasa nataka muwajue hawa watoto, maana walikuwa watu wa akili, na nisingependa mtoke hapa mkiwadharau. Yule mkubwa alikuwa mpiga picha. Zile kalenda mnazotundika sebuleni, zenye twiga na jua linalozama, ndiyo kazi yake. Wa katikati, binti, alifundisha chuo kikuu habari za mawe na milima. Wa mwisho aliwaongoza wageni kupanda mlima, akiwabebea hema na kuwaambia wanywe maji. Jioni moja, wakinywa mtori sebuleni, wakaanza kubishana mama atafurahishwaje na mlima wake.

Mkubwa akasema, "Uzuri ni kazi ya jicho. Unasimama mbali kidogo, unaondoa kinachoziba, unauweka mlima katikati na anga juu yake, basi. Hakuna haja ya maelezo. Mtoto mchanga akiona mwezi ananyamaza, nani kamfundisha?"

"Hayo ni ya kalenda, kaka," akasema binti. "Mlima si picha. Ule ni moto uliopoa. Ule weupe ni barafu ya zamani sana, na inapungua. Ukiusifia mlima bila kujua hayo, unasifia bahasha na barua hujaifungua. Na ule wekundu wa jioni unaoupenda, siku nyingine ni moshi wa msitu unaoungua. Siku hiyo bado ni mzuri?"

"Bado ni mzuri."

"Basi wewe unapenda rangi. Mlima huupendi."

Wa mwisho akacheka, akaweka bakuli chini. "Ninyi wote wawili mnaongea kama watu waliokaa kwenye viti. Mlima hautazamwi, unaingiwa. Baridi inakufika kwenye meno, goti linauma, unanusa udongo uliolowa, unasikia mapigo ya moyo wako mwenyewe masikioni. Kule juu huwezi kusema mlima ule pale na mimi niko hapa. Hakuna pale wala hapa."

Wapendwa, nani kati yao alisema kweli? Msinijibu haraka. Juma zima hili nimewasikiliza kichwani mwangu, na kila mmoja akisema namkubalia, mpaka anayefuata afungue mdomo. Yule anayesema jicho linatosha, mimi namwelewa. Hata ninyi pale mlangoni hamkusoma kitabu kwanza ndipo mkatoa simu. Yule anayesema lazima ujue, naye namwelewa, maana kuna watu wanaimba sifa za uumbaji na hawajui hata jina la mti uliofunika paa lao. Na yule wa kuingia ndani, nani hapa hajawahi kuweka miguu kwenye maji ya mfereji akasahau alikuwa anakwenda wapi?

Jambo moja tu nawaomba mlione. Walikuwa wakizungumza sebuleni, na mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi. Kati yao wote hakuna aliyegeuza shingo akauliza, "Mama, kwani wewe unatazama nini?"

Wa mwisho ndiye aliyetangulia kutenda, maana watu wa aina yake hawana subira. Siku iliyofuata akambeba mama mgongoni, akampeleka hadi mfereji, akamketisha kwenye jiwe na kumtumbukiza miguu kwenye maji yale ya kutoka juu. Mama akapiga kelele, kisha akacheka. Alicheka hasa, mpaka jirani akasikia. Mimi simlaumu yule kijana kwa kicheko kile, kilikuwa kicheko halali. Lakini jioni mama akaanza kukohoa, usiku kifua kikabana, na kulipokucha wakamkimbiza hospitali, akalazwa.

Ndipo yule mkubwa akapata wazo. Aliketi kwenye kitanda kitupu cha mama, akatazama dirisha, akaona majani matupu. Akawaita wenzake.

"Tumfungulie mlima," akasema. "Arudi aukute."

Hapo sasa, wapendwa, mwone jinsi kila mmoja alivyoleta kilicho chake. Mkubwa alisimama dirishani, akapima kwa vidole kipi kinaziba na kipi hakizibi, akasema mashina yote matatu yaondoke. Binti akasema, "Mkikata juu tu mtafanya kazi bure. Mgomba unachipua tena kutoka chini. Lazima mng'oe visiki." Hilo lilikuwa kweli tupu, lilitoka chuo kikuu. Na wa mwisho akavua shati, akachukua panga na sururu, akaingia kazini kwa raha zake zote, utomvu ukimchafua mikono, udongo ukinukia, mpaka akasema hajawahi kukijua kihamba chao kama alivyokijua siku ile.

Jirani akaja akasimama kwenye mpaka, pale kwenye ua wa mimea ya isale. Alikuwa mama wa rika la mgonjwa wao, aliyezeeka pamoja naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mnakata nini hapo?"

"Tunamfungulia mama mlima."

"Mmemuuliza?"

"Tunataka kumshtukiza," akasema mkubwa. "Ni zawadi."

Yule jirani akatazama visiki vilivyolala kando ya mashimo. Akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akasema, "Haya, ninyi ndio wenye nyumba," akarudi kwake. Wangapi kati yetu tumewahi kuufunga mdomo hivyo kwa kuwaonea haya wasomi waliotoka mjini? Tumwache. Ana maswali yake ya kujibu siku ile kuu, na leo si zamu yake.

Hata mchungaji wa huko alipita. Msicheke, si mimi. Alisimama barabarani, akaona mlima umefunguka, akainua mikono akasema, "Kazi njema sana! Sasa mama yenu ataamka kila siku akitazama utukufu wa Muumba." Naye akaenda zake kunywa chai. Kwa hiyo ile migomba ilikatwa kwa jicho, kwa elimu, kwa nguvu za mikono, na kwa baraka za kanisa. Mapande ya migomba wakawapa ng'ombe. Visiki wakavisukuma vikaporomoka hadi korongoni.

Mama akarudi. Walimlaza taratibu, wakamweka mito, wakasimama wote watatu ukutani kama watoto waliovunja sahani, ila hawa walikuwa wanatabasamu. Mkubwa akavuta pazia.

Nje palikuwa na wingu.

Wingu tupu, wapendwa. Mlima wote umefunikwa hadi miguuni. Ninyi mnaoishi hapa mnajua tabia ya huyu mlima, hauna adabu kwa wageni. Mkubwa akasema kwa unyonge, "Subiri kidogo, mama, litaondoka." Binti akajaza nafasi kwa kueleza wingu linavyotokea, jinsi hewa ya chini inavyopanda na kupoa. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante, mwanangu." Kisha akatazama dirishani mara moja, chini, pale penye udongo uliofukuliwa. Akafumba macho. Wakasema amechoka na safari.

Wingu halikuondoka siku hiyo wala siku zilizofuata. Na asubuhi mama hakuomba tena kuinuliwa kwenye mito. Uji ukaletwa, ukarudishwa ulivyokuja. Mganga wa zahanati akaja, akapima kifua, akasema kimepona, hana la kutibu. "Lakini mama huyu hali," akasema, "na asipokula hatamaliza mwezi." Watoto wakaogopa sasa. Wakasema kwa pamoja, laiti mlima ungejitokeza.

Ukajitokeza. Asubuhi moja waliamka wakakuta anga limeoshwa, na mlima umesimama kwenye dirisha la mama kana kwamba umeletwa na kuwekwa uani. Siwezi kuwasimulia ulivyokuwa, geuzeni shingo mtazame. Mkubwa, mtu wa kalenda, aliyeupiga picha mlima ule mpaka akauzoea, machozi yalimtoka na kamera ikabaki sandukuni. Binti alikuwa ameandaa maelezo, akayasahau yote. Wa mwisho akavua viatu, sijui kwa nini, akasimama peku kwenye sakafu ya baridi. Kwa kitambo kidogo ubishi wao uliisha. Walikuwa wamefurahi kweli, na furaha ile ilikuwa safi.

Kisha wakageuka kumtazama mama. Alikuwa ameelekeza uso ukutani.

"Mama," akasema mkubwa, "mlima huo. Huuoni?"

"Nauona."

"Mbona umegeuka?"

"Mlima nimeuona tangu nabebwa mgongoni. Haupotei. Ukifunikwa najua upo." Akavuta pumzi. "Niambieni, watoto wangu mmewapeleka wapi?"

Wakatazamana. Wakadhani maneno ya homa yameanza. Wa mwisho akapiga magoti kando ya kitanda akamshika mkono. "Sisi hapa, mama. Wote watatu."

"Ninyi mmekuja juzi, na baada ya sikukuu mtaondoka. Nawauliza wale wa dirishani."

Ndipo akawaambia. "Kila mmoja wenu alipozaliwa," akasema, "kitovu chake kilipodondoka, bibi yenu alikizika chini ya shina lake la mgomba. La mkubwa lilikuwa upande wa njia. La binti katikati. La mdogo upande wa zizi. Mkaondoka mmoja mmoja. Simu zikaja, simu zikakatika, miaka mingine hamkuja hata Desemba. Mimi kila asubuhi naamka nawatazama. Nikiona jani jipya namshukuru Mungu kwa ajili ya mwenye shina. Nikiona jani limepasuka nasema, leo huyu amepatwa na jambo, namwombea mpaka uji uive."

Binti akasema kwa sauti ndogo, maana elimu ni ngumu kuinyamazisha, "Mama, majani hupasuliwa na upepo."

"Najua ni upepo," akasema mama. "Nimelima migomba maisha yangu yote, nisijue upepo? Upepo ukipasua jani la mgomba wa barabarani napita. Ukipasua la kwako nasimama."

Ubaya ni kwamba walikumbuka. Waliwahi kuambiwa habari ya vitovu wakiwa wadogo, kila mmoja akaonyeshwa shina lake, wakacheka, wakaenda kucheza. Sasa wakakumbuka wote kwa mpigo, na wa mwisho akaitazama mikono yake ambayo utomvu ulikuwa bado haujatoka.

Wakatoka nje. Mkubwa akaenda kwenye ua wa mpakani, akachuma jani la isale, akalifunga fundo kama ilivyo desturi ya mlimani, maana wote mnajua anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Wakaingia wote watatu wameinama, wakamkabidhi mama lile jani. Mama akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimesamehe," akasema. "Kusamehe si kazi. Nawauliza tu, kesho asubuhi nitatazama nini?"

Wapendwa, mngemjibu nini?

Wao walikwenda korongoni. Wakashuka na kamba na sururu kwenye matope, mpiga picha na mwalimu wa chuo na kiongozi wa wageni, wakavipandisha visiki vile mmoja akivuta na wengine wakisukuma, na yule jirani akaja na jembe bila kuitwa. Mashimo yalikuwa bado wazi. Ila walipofika juu wakagundua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Visiki vilivyoporomoshwa pamoja vilikuwa vimechanganyikana. Vilikuwa vya mbegu moja, vimechubuka vyote, vimejaa matope vyote. Kipi cha nani? Binti alivipindua, akavichunguza. Hakuna kitabu kilichosema. Wakavirudisha ardhini hivyo hivyo, wakafukia, wakamwagia maji.

Wakaingia kumwambia mama, pamoja na hilo la kuchanganyika. Mama akasema, "Niinueni." Wakamwinua kwenye mito. Nje ya dirisha palikuwa na vichuguu vitatu vya udongo mbichi, na juu yake mlima. Akatazama vichuguu. Akaomba uji.

Tangu siku ile watoto wakawa wanaamka mapema na kuketi naye. Mkubwa alikiri kwamba hapakuwa na kitu pale cha kupiga picha, udongo tu, na kwamba hajawahi kutazama kitu kwa makini vile. Sikukuu ikapita. Hakuna aliyekata tiketi. Asubuhi moja kichuguu kimoja, kile cha katikati, kikawa na ncha ya kijani, nyembamba, imejikunja.

"Limechipua!" akasema wa mwisho. "La nani hilo?"

Wakamtazama mama. Na mama, ambaye miaka yote alikuwa na shina kwa kila jina, akalitazama lile chipukizi moja, midomo ikacheza, na safari hii walikuwa karibu mno, wakasikia. Alitaja majina yao yote matatu.

Yale mengine mawili hakuyaona. Alifariki kabla ya mvua kubwa, uso wake ukielekea dirishani, wakamzika kihambani kwake.

Ningeweza kuishia hapo, na mama zetu wa kwaya tayari wameshika leso. Lakini mfano wangu una kipande kimoja kimebaki, na ndicho nilichowaletea.

Mashina yote matatu yalichipua. Mvua ilinyesha vizuri mwaka ule, migomba ikapanda, majani yakasongamana, mikungu ikaning'inia. Imeuziba mlima tena. Mlima nao uko nyuma yake, unafunikwa na kufunuka kama kawaida. Watoto wamerudi mjini, wana kazi, wana shule za watoto. Nyumba imefungwa. Kila asubuhi jua linaingia kwenye chumba kile na hakuna mtu kwenye mito. Jani likipasuka, limepasuka. Hakuna anayesimama.

Sasa niambieni, ninyi mliobishana pamoja nao tangu mtori. Uzuri wa dirisha lile uko wapi leo? Migomba ni ile ile, mlima ni ule ule, hakuna kilichopungua ila bibi mmoja mgonjwa. Mpiga picha akipita pale leo ataona majani. Mwalimu ataona mmea na ataujua jina. Yule wa kuingia ndani atagusa shina na kusikia ubaridi wake. Watakuwa sahihi wote. Mama naye alikuwa na jicho, na elimu ya upepo alikuwa nayo, na mikono yake iliujua udongo ule kuliko ya mtu yeyote. Hawakumzidi kwa lolote walilosema. Yeye alikuwa na mtu ndani ya kile alichokitazama, basi, na hilo watoto wake hawakulifikiria kwa sababu mtu mwenyewe walikuwa wao.

Na sisi je? Sisi tunaokuja Desemba, tunashuka kwenye gari na neno la kwanza ni, "Mlima umetoka?" Tunauweka mgongoni, tunaitazama simu, tunatabasamu. Mimi nimewatazama kwa dirisha la ofisi yangu mkifanya hivyo, na kila mara nyuma ya anayepiga picha nimeona mama fulani amesimama na fimbo yake, anangoja mmalize. Mnajua alikuwa anatazama nini? Si mlima, wapendwa. Anao mwaka mzima.

Tunabadilisha nyumba zao kwa upendo. Tunakata mti unaotia giza, tunaondoa kiti kilichochakaa, tunapaka rangi ukuta uliokuwa na alama za urefu wetu tulipokuwa tunakua. Tunawapa mlima, wakati wao walikuwa wanatutazama sisi. Tena wanatushukuru. "Asante, mwanangu," wanasema, halafu wanafumba macho na sisi tunasema wamechoka na safari. Hilo linaniuma, na nisingependa mtoke hapa likiniuma mimi peke yangu.

Kwa hiyo nina ombi moja, la leo hii, kabla ya chakula cha mchana. Mkifika nyumbani, ingieni chumba cha mama yenu. Keti kwenye kitanda chake, weka kichwa kwenye mto wake, utazame kutokea pale. Ukiona mgomba, muulize ni wa nani. Ukiona ukuta mtupu, muulize palikuwa na nini. Msikilize mpaka uji uive. Na panga, mpendwa, liache nje.

Tusimame tuombe. Mlima mtaukuta.